Užupis ni Ng'ambo

Maneno ya mjini na ya shamba katika Kilithuania: mazungumzo na wanafunzi na wafanyakazi wapya wazungumzao Kiswahili, mjini Kaunas

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wengine wote hamjambo. Nafurahi kuona viti vimejaa jioni ya baridi namna hii. Wengine mmetoka Klaipėda, safari ya saa kadhaa, kuja kusikiliza habari za maneno tu. Ahsanteni sana.

Nadhani kila mmoja wenu ameshapewa ile karatasi ya safu mbili. Kushoto Kiingereza, kulia Kilithuania. 'Town', miestas. 'Village', kaimas. 'Street', gatvė. 'Bridge', tiltas. 'River', upė. 'Forest', miškas. 'Field', laukas. Mimi niliibandika ukutani juu ya kitanda, nikaikariri usiku na asubuhi mpaka nikaimaliza. Karatasi ile haina kosa. Ila ina safu moja pungufu, nayo ni ile ya Kiswahili, ambayo hakuna aliyetuandikia kwa sababu hakuna aliyedhani tunaihitaji. Tunafika hapa na lugha yenye miji, viunga, makonde na misitu, halafu tunaivua mlangoni pamoja na viatu na kuingia ndani na Kiingereza cha darasani. Jioni hii nataka tuingie nacho Kiswahili chetu, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba mahali pengi ndicho kinachotufikisha upesi.

Hata matamshi yatawaonyesha hivyo. Irabu zao husomwa karibu sana na zetu: a ni a, u ni u. Ile š yenye kofia ni sh yetu, č ni ch yetu, na j yao ni y ya yai. Neno linasomwa kama lilivyoandikwa, tofauti kabisa na Kiingereza. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili hana la kuogopa hapo, isipokuwa ile ž, ambayo itawachukua siku mbili tatu, na mkazo, ambao haukai silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu bali huhamahama.

Sasa tuingie mjini. Kwa Kiswahili ukitaka kusema uko ndani ya mji, hutangulizi kitu. Unalifunga neno mkia: mjini, kijijini, msituni, sokoni, mtoni. Mlithuania naye hufanya vivyo hivyo. Miestas inakuwa mieste. Kaimas, kaime. Miškas, miške. Turgus, yaani soko, inakuwa turguje. Upė, upėje. Anayepitia Kiingereza anaanza kutafuta neno dogo la kuweka mbele, mfano wa lile 'in', na anahangaika nalo muhula mzima. Sisi tumezaliwa na mkia huo mdomoni! Nilipoligundua hilo niliacha kuandika sentensi zangu kwa Kiingereza kwanza, nikawa naandika "niko sokoni, mama yuko msituni" na kuzivusha moja kwa moja.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, -ni yetu ina kazi nyingi: niko mjini, naenda mjini, natoka mjini, mkia ni ule ule. Wao mkia wa mieste ni wa aliyekwisha fika na ametulia. Anayekwenda husema į miestą, na anayetoka husema iš miesto. La pili, sisi majina ya miji hatuyafungi mkia. Tunasema niko Mombasa, basi. Wao huyafunga yote: Vilniuje, Kaune, Klaipėdoje. Na hawakuishia kwao. Nakumbuka siku nilipofungua gazeti nikakuta neno Zanzibare, nikalisoma mara tatu kabla sijaelewa kwamba ni kwetu, nasi tumefungwa mkia kama ndugu wa nyumba moja. Nairobi kwao ni Nairobis, na aliyeko huko yuko Nairobyje. Aliyeko Dar es Salaam yuko Dar es Salame.

Nimelitaja jina la kwetu kwa makusudi. Mimi ni mtu wa Unguja, na siku ya kwanza nilipotembezwa Vilnius niliambiwa kwa Kiingereza kwamba hapa ni 'Old Town' na kule, baada ya mto, ni mtaa wa wasanii uitwao Užupis. Nikaitikia tu. Jioni nikachukua kalamu, nikayavunja maneno. Senas ni kukuukuu, miestas ni mji: senamiestis. Huo si Mji Mkongwe? Už ni nyuma ya, au baada ya, na upė ni mto. Užupis ni kule baada ya mto. Ndugu zangu, hiyo ni Ng'ambo! Kwetu Ng'ambo ilitengana na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, likabaki jina la Darajani kukumbusha kwamba palikuwa na daraja. Kwao mto uitwao Vilnelė bado unapita katikati. Senamiestis ya Vilnius iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, na Mji Mkongwe wetu mwaka 2000. Na Užupis ina mambo yake: tarehe 1 Aprili 1997 wakaazi wake walijitangazia jamhuri yao wenyewe, na mpaka leo siku hiyo huadhimishwa. Nilipoiita Ng'ambo moyoni mwangu, sikupotea tena katika mji ule.

Mtakutana na vijineno kama hivyo už kila mahali. Prie ni karibu na, kwa hiyo priemiestis ni kando ya mji. Karatasi itawaambia 'suburb'. Mimi nawaambia ni kiunga, pale mji unapoungana na mashamba. Pa- hushikishwa kwenye jina la kitu kuonyesha ukingo wake: pamiškė ni ukingoni mwa msitu, pakelė ni kando ya barabara, pajūris ni pwani. Mpwani yeyote atalipenda neno pajūris. Mto mkubwa wa nchi hii unaitwa Nemunas, huu unaokutana na Neris hapa hapa Kaunas. Uko mji mdogo kuliko yote Lithuania, wenye wakaazi mia chache tu, ulioko ukingoni mwa Nemunas karibu na mpaka. Sasa nadhani mnaweza kulibuni jina lake wenyewe. Panemunė.

Hapo mtaniuliza: watu mia chache, na bado ni mji? Sheria ya leo inataka miestas iwe na zaidi ya watu 3,000, na chini ya hapo, kuanzia 500, ni miestelis. Lakini ipo miji iliyobaki na hadhi yake ya zamani. Msishangae, kwa sababu Kiingereza ndicho chenye mambo makubwa zaidi: Wells, mahali padogo, ni 'city', na Reading yenye watu zaidi ya laki ni 'town', kwani hadhi hiyo Uingereza hutolewa na mfalme wala haihesabiwi vichwa. Mlithuania hatofautishi, yote ni miestas. Kwa hiyo msikeshe mkitafuta tofauti hiyo kwenye kamusi.

Ila tazameni hiyo miestelis. Ni miestas iliyofanywa ndogo kwa kubadili mwisho wa neno. Sisi nasi tulichukua mji tukaufanya mdogo, tukapata kijiji. Basi mtu angetegemea kijiji na miestelis viwe kitu kimoja, na sivyo. Miestelis bado ni mji, una kanisa, duka, uwanja wa katikati uitwao aikštė. Kijiji chenyewe, penye ng'ombe na vitunguu, kina neno lake la asili, kaimas. Na hilo ndilo neno nililotaka tukae nalo.

Karatasi ina mistari miwili hapo: 'village', kaimas, na 'countryside', kaimas. Mwanafunzi anadhani ni kosa la mchapaji. Tena Kiingereza kina 'country', ambayo ni nchi na pia ni mashambani, na Kilithuania hakikubali mchanganyiko huo hata kidogo, nchi ni šalis. Kwa Muunguja hapana tatizo lolote. Sisi tunasema "amekwenda shamba," hatuongezi -ni, na hatumaanishi konde la mtu fulani. Tunamaanisha upande wote ule usio mji. Važiuoju į kaimą: nakwenda shamba. Ninyi wa Kenya semeni ushago. Ijumaa jioni nendeni kituo cha mabasi mkawasikilize watu. Watu wazima waliofanya kazi mjini miaka 30 wanakwenda į kaimą na mifuko mitupu, na Jumapili wanarudi na viazi, mitungi ya matango ya siki, maboga na matofaa. Nilipoyaona yale mabasi ya Jumapili nilinyamaza kimya. Niliona ndizi na mihogo ya kwetu juu ya mabasi ya Makunduchi.

Wataalamu wa asili za maneno wanaliweka kaimas ukoo mmoja na neno la Kiingereza 'home', na lile -ham la mwisho wa Birmingham na Nottingham. Zamani sana mzizi ulikuwa mmoja. Waingereza wakabaki na maana ya nyumbani, Walithuania wakabaki na maana ya kijiji. Ulizeni Mluo au Mkamba aliyeko Nairobi "nyumbani ni wapi?" muone kama atawatajia mtaa alikopanga. Sisi hatujazitenganisha maana hizo mbili mpaka leo. Na kutoka kaimas likazaliwa kaimynas, jirani: mtu wa kijiji kimoja nawe. Hata anayeishi ghorofa ya nane ana kaimynas mlango wa pili.

Kuna pia kiemas, ambalo huhesabiwa ndugu wa kaimas. Kiemas ni ua. Ule uwanja kati ya majengo ya ghorofa, wenye pembea na magari, ni kiemas. Ukiunganisha na vienas, moja, unapata vienkiemis: ua mmoja, mji wa mtu mmoja uliosimama peke yake katikati ya makonde yake, na kisima chake, na zizi lake, na miti yake ya matofaa. Karatasi inaandika 'farmstead' na kuendelea na safari. Mimi naomba tusimame kidogo.

Mwaka 1557 watawala walizipima ardhi za wakulima na kuvipanga vijiji kando ya barabara moja iliyonyooka, nyumba kando ya nyumba. Karne nyingi zikapita hivyo. Kisha, baada ya nchi kupata uhuru mwaka 1918, mageuzi ya ardhi ya mwaka 1922 yaliwapa wakulima vipande vyao, na vijiji vingi vikagawanyika, kila familia ikaenda kujenga katikati ya ardhi yake. Hiyo ndiyo vienkiemis waliyoizoea babu na bibi za watu mnaokaa nao. Wakaja Wasovieti. Ardhi ikaingizwa katika kolūkis, shamba la pamoja, na maelfu kwa maelfu ya watu wakapakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia. Baadaye makonde yakachimbwa mifereji ya kukausha maji ili matrekta yapite, nyumba za upweke zikabomolewa, watu wakahamishiwa gyvenvietė, makazi yaliyopangwa. Watanzania waliokuwa na akili miaka ya 1970 wanajua nini maana ya kuambiwa uache ulipozaliwa ukajenge kijijini kwa mstari. Sababu na namna zilitofautiana, na mimi sitaki kuyafanya yawe jambo moja. Lakini mkipita na basi mkaona mtofaa au mwaloni umesimama peke yake katikati ya ngano, mjue yawezekana palikuwa na ua. Na bibi akilitamka neno vienkiemis polepole, msimkatize kumuuliza maana yake kwa Kiingereza.

Upande wa dharau hatutofautiani nao. Kaimietis ni mtu wa kijijini, na mjini hapa vijana hulitumia kama sisi tunavyotumia mshamba. Linaniuma masikioni kwa lugha zote mbili, na hapa linaniuma zaidi, kwa sababu lugha hii tunayojifunza imeokolewa na hao hao. Katika sensa ya mwaka 1897 waliosema Kilithuania ndani ya Vilnius walikuwa kama asilimia 2 tu. Mjini palisikika Kiyidi, Kipolandi na Kirusi. Lugha ilikuwa shamba. Tangu mwaka 1864 mpaka 1904 utawala wa Urusi ulipiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia, mahali kama Tilžė, mji unaotazamana na ile Panemunė yetu, na watu walioitwa knygnešiai, wachukuzi wa vitabu, wakavivusha usiku mgongoni. Waliokamatwa walifungwa au kupelekwa Siberia. Shule za lugha yao zikiwa zimezibwa, mama aliketi kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi, mtoto pembeni na kitabu, wakasoma herufi. Hao ndio kaimiečiai.

Ndiyo maana maneno ya shamba yameingia mpaka kwenye kalenda. Agosti sisi tumeipokea kwa Waingereza, nao kwa kaisari wa Roma. Mlithuania anaiita rugpjūtis, mavuno ya nafaka iitwayo rugiai, ile ya mkate mweusi. Septemba ni rugsėjis, upanzi wa rugiai hizo hizo. Novemba ni lapkritis, kupukutika kwa majani. Mkulima wa kwetu anayesema masika, kipupwe na vuli ataielewa kalenda hii kuliko aliyekariri majina ya makaisari.

Na ndiyo maana ya laukas pia. Nilipanga chumba kwa mama mmoja, ghorofa ya nne, jengo la zege. Siku moja aliniambia wajukuu wako lauke. Laukas ni konde, kwa hiyo lauke ni kondeni, na pale chini palikuwa na lami na magari tu. Alichoniambia ni kwamba wako nje. Kwa waliotunga lugha hii, ukifungua mlango unakanyaga konde. Wajukuu wao wamehamia kwenye zege, nalo konde limehama nao. Lauke šalta, nje kuna baridi: mtaisikia kila siku kuanzia sasa mpaka Aprili.

Niwape jingine ambalo Kiingereza kinalishindwa. Sisi tuna Miembeni, Mikindani, Mikoroshini. Miti ikiwa mingi, mahali panapata jina. Wao wana -ynas. Beržas ni mti wenye gome jeupe, na beržynas ni penye beržas nyingi. Pušis ni msonobari, pušynas ni misonobarini. Ąžuolas ni mwaloni, na hapa Kaunas kuna Ąžuolynas, ile bustani kubwa ya mialoni ya kale mnayopita mkienda uwanja wa michezo. Mwingereza lazima aweke maneno mawili. Sisi moja, wao moja. Na mkifika kwenye msitu wenyewe msiridhike na miškas. Msitu mkubwa wa kale ni giria. Msitu wa misonobari kwenye mchanga mkavu ni šilas. Theluthi moja ya nchi hii ni misitu, na watu hawaendi huko kutembea tu. Grybas ni uyoga, na grybauti ni kitenzi kizima: kwenda msituni kuchuma uyoga. Uogauti ni kwenda kuchuma matunda madogo ya porini. Mkialikwa kugrybauti, nendeni, mchukue kikapu na kisu, na msile chochote kabla mwenyeji hajakitazama.

Sodas nitaipitia haraka. Kamusi inasema bustani ya matunda, lakini mtu wa mjini akisema yuko sode anamaanisha kile kipande kando ya mji, mara nyingi mita za mraba 600, chenye kibanda na matuta ya mboga. Vipande hivyo viligawiwa wafanyakazi enzi za Wasovieti. Ni kiunga tena.

Na namalizia na ndege. Mtaona juu ya nguzo za umeme vijijini gurudumu au kichuguu cha vijiti. Hilo ni gandralizdis, neno moja: gandras ni korongo mweupe, lizdas ni kiota. Korongo huyu ndiye ndege wa taifa tangu mwaka 1973. Huja mwishoni mwa Machi, na tarehe 25 ni siku yake, Gandrinės. Huondoka mwishoni mwa Agosti, hupita Mashariki ya Kati na bonde la Nile, na baadhi yao hula panzi wa Serengeti wakati sisi hapa tunakwangua barafu madirishani.

Mwaka wa pili nilikuwa kwa bibi mmoja huko Dzūkija, mwisho wa Agosti. Asubuhi kiota kilikuwa kitupu. Akatazama juu akasema išskrido, wameruka. Kilithuania kina neno namo, kwenda nyumbani, lisilotaka kitu mbele yake, kama sisi tusemavyo nakwenda kwetu. Nikamuuliza: "Namo?" Nilikuwa nafikiria nyika za kwetu.

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye vile vijiti juu ya nguzo. "Namai čia," akasema. Nyumbani ni hapa.